Wiki mbili na DAC ya milioni moja na nusu

Tatizo lilianza na mvumo. Wimbo ukinyamaza, spika zangu zinabaki na "mmmm" ya chinichini kama friji, na mvumo huo ndio ulionifanya niitolee macho DAC ya swahiba wangu. Kwa asiyeijua, DAC ni kidude kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti ambao amplifaya inaukuza. Hata simu yako inayo ndani. Yangu mimi ni ndogo kama kiberiti, niliinunua shilingi 85,000. Yake ni ya chuma, ina kioo na rimoti, na mpaka inafika Tanga kutoka Dubai ilimtoka 1,450,000.

"Kaa nayo wiki mbili," aliniambia. "Kijana wangu anarudi mwisho wa mwezi. Ukiipenda, anakuja na yako."

Siku ya kwanza nilikwisha kabisa. Niliweka taarabu ya zamani ya hapahapa kwetu, Black Star na Lucky Star, enzi za Shakila, na chumba kikajaa. Fidla zikasogea mbele, besi ikapata kishindo. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza kidogo, akasema, "Umeongeza sauti." Nikabisha. Amplifaya sijaigusa!

Yeye ndiye aliyepatia. Kesho yake nilipiga mlio mmoja wa hezi 50 (multimita zetu hizi za bei nafuu hazisomi vizuri milio ya juu), nikapima kwenye plagi za nyuma. Yangu ilitoa voliti 1.02, ya swahiba 2.04. Voliti ikiwa mara mbili ni ongezeko la desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio likipewa sauti kubwa na ndogo ya kitu kilekile, litachagua kubwa na kuisifu kuwa "safi". Wauza vyombo vya muziki wanalijua hilo tangu zamani.

Basi nikaishusha ya bei kwa kitufe chake mpaka nayo ikasoma 1.02, nikamweka mpwa wangu nyuma ya kiti na sarafu ya shilingi 200. Ikilala kichwa cha Karume, anapiga ya bei. Ikilala simba, anapiga yangu. Mimi nimeangalia ukutani, nataja tu. Tulifanya mara 16. Ili niseme si bahati nasibu, nilitakiwa nipatie angalau 12.

Nilipatia 9.

"Mjomba," mpwa akaniambia huku akisoma daftari, "ile mara ya saba uliyosema hii hata kiziwi anaisikia, ilikuwa kiberiti chako."

Nikasingizia pangaboi. Usiku tukalizima, tukafunga na madirisha kwa sababu ya bodaboda. Mnaoijua Tanga mwezi wa Februari mnaelewa nilijitesa kiasi gani. Shati limenata mgongoni, mpwa anajipepea kwa daftari, tukarudia mara 16. Nikapatia 8.

Ukitulia unaona kwa nini. DAC ya bei wanaiandikia kwamba inatenganisha sauti kubwa kabisa na ukimya kwa zaidi ya desibeli 120. CD ya kawaida, ile ya biti 16, inaishia 96. Sasa hii taarabu yangu ilirekodiwa kwenye tepu, ikaja kwenye santuri, mtu akaihamishia kwenye kaseti, ambayo kufika 60 ni kwa jasho, ndipo ikaingia kwenye flashi na kunifikia. Kilichopotea njiani hakikai ndani ya DAC kikisubiri mwenye pesa. Hata chipu ya ndani si siri ya mtu: nyingi za bei hutumia za ESS ya Marekani au AKM ya Japani, na kampuni hizohizo zinatengeneza pia za kuwekwa kwenye vifaa vya bei ndogo.

Na mvumo je? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Ya milioni nayo ilivuma! Nikahangaika na waya jioni nzima, mpaka nikachomoa chaja ya kompyuta kwa bahati tu. Kimya. Kumbe umeme kidogo unavuja kwenye chaja, unapita kwenye waya wa USB, unaingia kwenye amplifaya. Sasa nikisikiliza natumia betri. DAC ya swahiba haki yake nisiinyime: ina tundu la waya wa mwanga, na nilipoiunganisha na TV kwa waya huo haikuvuma hata chembe, kwa kuwa hamna shaba ya kupitisha huo uvujaji. Lakini zipo DAC zenye tundu hilo kwa bei ya kawaida kabisa. Pia ina nguvu ya kusukuma hedifoni ngumu, zile za omu 300. Mwenye nazo ana sababu ya kuitaka. Mimi sina.

Wakati nahangaika na waya niliona plagi zangu zimeota ukungu wa kijani. Upepo wa bahari huu, chumvi inakula kila kitu. Nilizisugua kwa spiriti, spika ya kushoto iliyokuwa ikikatakata ikatulia. Nikazigeuza na spika zenyewe: ule mpira wa pembeni wa koni umemung'unyika, ukiugusa unabaki kidoleni kama masizi. Fundi mmoja wa Ngamiani akavalisha mipya zote mbili kwa shilingi 40,000. Besi ilirudi kiasi kwamba mke wangu aliuliza kutoka jikoni nimenunua nini, na safari hii sikuwa nimemwita.

DAC nimeirudisha, kijana wa Dubai nimemwambia asihangaike. Nilimshauri swahiba naye ajaribu kwa sarafu, mpwa wangu yupo, itachukua nusu saa tu. Alinitazama, akaipangusa vumbi kwa kanzu.

"Mimi nimeshalipa, bwana. Nikijua itanisaidia nini?"