Uzoefu wangu: cheti cha Python bila mradi hata mmoja

Mwaka jana nililipia kozi ya mtandaoni ya miezi mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikaimaliza, nikapewa cheti. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Busia, Mbale, Arua na kwingineko hapa Uganda wanaojinyima ili walipie masomo ya namna hii, kwa kuwa lipo swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kulipa, nami sikuliuliza.

Mazuri ya kozi ni ya kweli. Mwalimu anaeleza kwa utulivu, vidio zake ni fupi hata bando halikuwahi kuniishia katikati ya somo, na mazoezi yanafunguka vizuri kwenye simu. Kasoro imo ndani ya mazoezi yenyewe. Kila swali lilikuja limeshaandikwa karibu lote, nami nikatakiwa kujaza neno moja au mstari mmoja pale palipoachwa wazi. Nikikosea ninapewa kidokezo, nikikosea tena ninaonyeshwa jibu. Kwa miezi yote mitatu sikuwahi kufungua faili tupu nikaamua mwenyewe nianzie wapi.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu, mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake 25. Hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa moja hadi tano kwa shilingi 3,000 kila hisa, na fedha hufungiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mwaka fedha zote, pamoja na faida ya mikopo, hugawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mtu. Alipokiona cheti changu alinikabidhi daftari, akasema: "Mwanangu, ikiwa umehitimu, nisaidie hesabu hizi, macho yangu yamechoka."

Jioni ile nilikaa mbele ya kompyuta hadi usiku bila kuandika chochote cha maana. Lupu, yaani amri ya kurudia kazi, niliijua, orodha ya kuhifadhia data niliijua, na mtu angeniuliza ningemweleza bila kusita. Nilichoshindwa ni kuligeuza daftari la shangazi kuwa programu. Siku ya tatu nilipata programu ndogo ya kupokea michango. Nikaingiza 3000, kisha 6000, nayo ikanipa jumla ya 30006000. Sababu ni kwamba chochote ambacho mtumiaji anaandika, amri ya input hukipokea kama maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi badala ya kuyajumlisha. Ni lazima yapitishwe kwanza kwenye amri ya int ili yawe namba. Jambo hilo lilikuwamo katika somo la pili la kozi, na swali lake nilikuwa nimelijibu sawasawa.

Kwa furaha ya kuijua dawa hiyo nikaitumia hadi kwenye namba za simu za wanachama, na sufuri ya mwanzo ikapotea kwa wote 25, namba inayoanza na 07 ikabaki ikianza na 7. Nikalazimika kufikiri upya ni kitu gani hasa kinachohesabiwa na kipi ni cha kumtambulisha mtu tu. Kisha likaja suala la mgawo. Fedha zilikuwa shilingi 6,845,000 na hisa 1,912, kwa hiyo kila hisa ilipata shilingi 3,580 na zikabaki 40. Mwanachama mwenye hisa 71 alistahili shilingi 254,180, lakini zile 80 za mwisho hazina sarafu ya kuzilipa sawasawa. Nilimwuliza shangazi, akanieleza kwamba wao hushusha hadi mia iliyo chini, na masalio huingizwa katika mfuko wa jamii wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Kanuni kama hiyo haifundishwi kwenye vidio, na bila kuijua programu yangu ingewagombanisha wanawake walioaminiana kwa miaka.

Baadaye nilianza kozi ya bure ya Python ya Chuo Kikuu cha Harvard, ijulikanayo kama CS50P, na tofauti niliiona mapema. Huko mwanafunzi hupewa maelezo ya tatizo, kisha huandika faili yote mwenyewe. Na ili amalize ni lazima abuni mradi wake wenye fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) kuu iitwayo main na nyingine zisizopungua tatu, angalau tatu kati ya hizo zikiwa na majaribio ya kuthibitisha kwamba zinafanya kazi. Ni kazi ngumu, na kuna wiki niliyokwama kabisa, ila nilikwama palepale nilipokwama kwa daftari la shangazi, nami nikatoka.

Kozi niliyoilipia ninaipa nyota tatu kati ya tano: mbili kwa ufafanuzi wa mwalimu, moja kwa wepesi wake kwenye simu. Waandaaji wakiweka mradi mmoja mdogo mwishoni mwa kila sura, hata wa kurasa mbili za daftari la duka, nitaongeza nyota ya nne. Kwa anayetaka kujiunga leo, awaulize kwanza: je, kuna somo linaloanza kwa faili tupu?