Pete ya silva, cheni ya stenlesi na bangili ya pembe: miezi minane barabarani kati ya Nakuru na Busia

Mimi nauza dawa za mifugo, nyumbani ni Nakuru lakini katika wiki nne za mwezi, wiki tatu niko njiani, Kericho, Ahero, Kisumu, Kakamega, Bungoma mpaka Busia halafu narudi kupitia Eldoret. Napenda sana kuvaa pete na cheni, nimependa tangu nikiwa chuo, na nimepoteza vitu vya kutosha kwa hii barabara mpaka nikaona niandike vile nimejifunza, juu najua kuna vijana wengi wa mauzo na madereva wananunua tu kile kinang'aa halafu wiki mbili baadaye hawana.

Pete yangu ya kwanza niliinunua Nakuru asubuhi moja ya mwezi wa saba, na wenye mnaishi Nakuru mnajua hiyo baridi. Nikaijaribu, ikaingia vizuri kabisa, nikalipa 3,500 nikaenda zangu. Siku hiyo hiyo saa nane mchana niko Kisumu, jua limewaka, nimebeba maboksi, kidole kimevimba pete imebana hadi ngozi inaanza kuwa nyekundu. Nikavumilia siku mbili. Nilipofika Kakamega nikaitoa na sabuni kwa sinki ya chumba nilikolala, nikaiweka hapo kando nikaushe mikono, simu ikalia ni mteja anataka mzigo mapema, nikatoka. Nilikumbuka nikiwa nimeshapita Webuye. Nilipiga simu, wakatafuta, haikupatikana, na simlaumu mtu, niliiacha mwenyewe.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho hakuna muuzaji aliwahi kuniambia. Kila mtu huogopa mwizi wa steji, na ni kweli wapo, lakini ukiniuliza mimi vitu vyangu vyote vilivyopotea vilipotea nikiwa nimevivua. Saa yangu ya kwanza ilibaki kwa meza ya hoteli nikinawa mikono nile samaki. Kwa hivyo swali langu la kwanza sai nikinunua kitu ni hili, naweza kulala nacho, kuoga nacho, na kubeba mzigo nacho bila kukitoa?

Pete ya pili nilinunua Kisumu kwa sonara mmoja mzee, nilimwendea makusudi saa kumi jioni baada ya kuzunguka mjini kwa miguu. Akanipima mara mbili, akaniambia, "Kijana wangu, pete isikae kwa kidole tu, ishikwe na kifundo." Maana yake ikifika kwenye kile kifundo cha katikati isumbue kidogo kupita, halafu ikishapita ikae huru. Kisumu iko mita kama 1,130 tu kutoka usawa wa bahari na ni joto, Eldoret iko zaidi ya mita 2,000, na ukipita Timboroa asubuhi vidole vinasinyaa mpaka pete inazunguka yenyewe. Lakini kwa sababu ya kile kifundo haijawahi kuteleza ikatoka yenyewe hata siku moja.

Ni silva ya 925, yaani asilimia 92.5 ni silva na iliyobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu, juu silva tupu ni laini sana inapinda. Angalia hiyo namba ndani ya pete, ingawa namba pekee haitoshi, mtu anaweza kugonga namba kwa chochote, kwa hivyo nunua kwa mtu mwenye duka unaweza kumrudia. Shida moja tu nilipata, nilienda na familia kuoga maji moto ya Olkaria kule Naivasha nikasahau kuivua, na ile harufu ya mayai viza unayosikia kwa mvuke wa huko ni gesi yenye salfa, silva haipatani nayo kabisa. Nilitoka pete ni nyeusi kama chungu. Nilishtuka sana, nikadhani nimeuziwa feki. Sonara alinicheka kwa simu akaniambia niweke foili ile ya kufungia chipsi kwa bakuli, niweke pete juu yake, ninyunyizie bekingi soda kijiko kimoja na maji ya moto. Dakika chache ikarudi nyeupe. Lakini kama pete yako ina jiwe la kubandikwa usifanye hivi, gundi itaachia.

Sasa kuna mahali pete lazima itoke. Nikipanda au kushuka kwa kanta, lile lori dogo la mizigo, au nikipakua mizigo, siivai kabisa. Pete ikishikwa na ndoano ya turubai na wewe unaruka chini, inakwenda na nyama ya kidole, na hilo si jambo la kujaribu. Hapo ndipo cheni ilinisaidia. Ni cheni ya stenlesi, sentimita 60, nilinunua 1,200. Pete ikitoka kwa kidole inaingia kwa cheni, cheni inaingia ndani ya shati, basi. Haijawahi tena kukaa kwa sinki, wala kwa mfuko wa suruali. Hiyo cheni nimeoga nayo, nimetoa jasho nayo Ahero, haijabadilika rangi. Kabla yake nilikuwa na ya bei ya chini iliyopakwa rangi ya dhahabu, jasho likaimaliza na shingo ikatoka vipele, mara nyingi hiyo huwa ni nikeli iliyo chini ya ile rangi. Kwa matatu mimi hufunga kifungo cha juu cha shati nikiwa nimekaa dirishani, hasa gari likisimama kwa steji usiku.

Kwa ndege nimesafiri na hiyo cheni mara moja tu, Kisumu kwenda Nairobi. Niliitoa kabla ya foleni nikaiweka ndani ya mfuko wa begi wenye zipu, siwezi kuiweka wazi kwa ile trei.

Bangili ya pembe ya ng'ombe nilipata Kisumu kwa 400 na ndiyo napenda kuliko zote. Ni nyepesi, ina mistari ya kahawia na nyeupe, hakuna mwizi anaitamani, na wazee huipenda. Kuna mteja mmoja Bungoma aliwahi kuniuliza kama mwanaume wa heshima huvaa vitu vya mkononi, nikamkumbusha kwa adabu kwamba wazee wa huku walivaa bangili za shaba na za chuma kabla shati halijafika, akanyamaza kidogo akasema babake alikuwa nayo. Lakini pembe ni kitu kile kile cha kucha zetu na nywele, ikilowa sana inavimba, ikikauka ghafla kwa jua inapasuka, yangu ina ufa mdogo tayari juu niliisahau juu ya dashibodi. Paka mafuta ya nazi kila baada ya wiki mbili. Na omba risiti iliyoandikwa pembe ya ng'ombe, Busia afisa aliigeuzageuza sana mkononi juu pembe za ndovu ni kosa kubwa, nilipoonyesha risiti akaniachilia mara moja.

Kitu kimoja sijapenda bado ni kile kikulabu cha cheni, springi yake imeanza kulegea na pete ndiyo inaning'inia hapo. Wiki ijayo nikipita Kisumu nampelekea yule mzee aniwekee kikubwa zaidi, amesema ni 150.