Sefu ya bunduki niliyonunua Kariakoo, miezi 8 baadaye

Jamani wenye shotigani shambani njooni hapa. Nipo Kilosa ndanindani huko, nguruwe pori ndo majirani, na bunduki nilikua naiweka kabatini nyuma ya makoti (msinicheke). Nikashuka Dar nikachukua sefu ndefu ya urefu wa mita 1.4, kilo 55, inafunguka kwa namba na ina kidroo cha juu chenye funguo yake, risasi zinakaa humo peke yake. Muuzaji akaniambia boss hii hata ukiiweka sebuleni tu inatosha. Inatosha wapi, vijana wawili na kirikuu wanaondoka nayo nzima!

Sasa kasheshe ni kufunga. Ina matundu manne chini, fundi katoboa sakafu, bolti zinazunguka tu hazikazi, kumbe sakafu yenyewe saruji ya kupaka vidole viwili halafu udongo. Ikabidi tubomoe hiyo kona, tukamwaga zege futi moja kwenda chini, tukaacha wiki nzima ndo tukafunga bolti za mm 12. Saivi nikiisukuma kwa bega haitikisiki.

Ubaya wake betri, inakula AA nne kila baada ya miezi mitatu hivi, na funguo za dharura nilizikuta zimefungiwa humohumo ndani 😂 ingegoma je? Masika nayo mtutu ulianza kutu, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Nyota 4 kwa sefu, muuzaji nampa 2.