Gereji ya bodi Gerezani, Dar, nimewapelekea pikapu ya Peugeot 404 ya mzee

Kiukweli hawa jamaa kwenye bodi wako vizuri sana. Gari ilikuwa imeoza chini ya milango na kwenye madigadi, si unajua chumvi ya Dar, na mafundi wengi wa mjini hapo wangejaza puti tu, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bati, wapige rangi wakupe, baada ya masika kutu inafumuka upya. Hawa walikata bati lote bovu, wakachomelea jipya, wakasaga hadi chuma cheupe ndo wakapiga praima ya epoksi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, maana kwa unyevu wa huku bati ukiliacha wazi usiku mmoja tu asubuhi lina wekundu. Puti ikaja juu ya epoksi, nyembamba, nilipita na sumaku mwenyewe na ikang'ang'ania kila mahali, maana puti ikiwa nene sumaku haishiki. Msasa namba 80, kisha 180, na msasa wa maji hawakugusa mpaka praima ya pili imefunika puti yote, maana puti inanyonya maji kama sponji na baadaye rangi inatoka malengelenge. Hapo ndo niliwavulia kofia.

Shida yao kupokea simu, na kazi inachelewa, we mtu wa haraka utagombana nao. Bei imechangamka kidogo ila wanakuonyesha bati ulilolipia kabla halijafunikwa. Boneti bado, ina wimbi kidogo upande wa dereva, wameahidi kuirudia kabla ya rangi.