Kupanda matoleo ya Django mfumo ukiwa kazini: uzoefu wangu tangu 2019

Natunza mfumo wa chama cha kuweka na kukopa hapa Arua, Uganda, ambacho wanachama wake wengi ni wafanyabiashara wa mpakani, na tangu mwaka 2019 mfumo huo umesimama juu ya Django, maktaba huria ya msimbo wa kuundia mifumo ya tovuti kwa lugha ya programu ya Python. Mengi yameshaandikwa kuhusu wepesi wake wa kujifunza. Mimi napima jambo moja tu: je, wanaoitunza Django wanaweza kutoa matoleo mapya mfululizo bila kutuacha njiani sisi ambao mfumo wetu unatumika kila siku na una fundi mmoja?

Ratiba yao inajulikana mapema. Toleo lenye mambo mapya hutoka takriban kila miezi minane, na kila baada ya miaka miwili hivi hutoka toleo la muda mrefu, linaloendelea kuzibiwa mianya ya usalama kwa takriban miaka mitatu. Mimi hukanyaga hayo ya muda mrefu peke yake. Nilianza na 2.2, nikahamia 3.2, kisha 4.2, na sasa niko 5.2 iliyotoka Aprili 2025. Chama hakinilipi kwa kufuata mitindo, kinanilipa ili mhazini akifika saa mbili asubuhi akute daftari linafunguka.

Kinachonivutia zaidi ni utaratibu wao wa kuaga vitu vya zamani. Kitu kinachokusudiwa kuondolewa hakikatwi ghafla. Huendelea kufanya kazi kwa angalau matoleo mawili huku kikitoa onyo linalotaja toleo ambalo kitatoweka. Kwa mfano, kitendakazi cha `url()`, kinachounganisha anuani na ukurasa wake, ambacho nilikuwa nimekitumia katika kila faili la anuani, kilitangazwa katika toleo 3.1 kwamba kinastaafu, na kikaondolewa katika 4.0. Kilichochukua nafasi yake, `re_path()`, kilikuwepo tangu 2.0, kwa hiyo nilikuwa na miaka kadhaa ya kubadilisha polepole. Sikubadilisha. Maonyo hayo hayajitokezi yenyewe kwenye skrini. Ni lazima uyaombe kwa kuendesha majaribio ukitumia `python -Wa`, na mimi sikuwahi kuyaomba. Siku nilipojaribu 4.2 kwenye kompyuta yangu, mfumo ulikataa hata kuwaka, kwanza kwa sababu ya `url()`, kisha kwa sababu ya `ugettext_lazy`, kitendakazi cha kutafsiri maneno ya skrini, ambayo nayo ilikuwa imeagwa tangu 3.0. Hapo sina wa kumlaumu ila nafsi yangu, na marekebisho yenyewe yalikwisha kwa usiku mmoja.

Lililoniumiza ni jambo lisilokuwa na onyo lolote. Nilipandisha mfumo kwenye seva Jumapili ya mwezi Machi 2024, wiki chache kabla ya muda wa 3.2 kuisha, nikafungua kurasa zote, nikaridhika, nikalala. Jumatatu asubuhi mhazini akanipigia simu: "Kaka, naona kila kitu lakini nikibonyeza kuhifadhi inanifukuza." Alichokuwa anakiona ni ukurasa mweupe wenye namba 403, yaani ombi limekataliwa. Kuanzia toleo 4.0, Django hukagua kama fomu inayotumwa imetoka kwenye anuani ileile inayoijua. Seva yetu ya mbele, inayosimama kati ya wateja na Django, hupokea wateja kwa `https`, yaani mawasiliano yaliyofichwa, kisha hupitisha maombi ndani kwa `http` ya kawaida, hivyo Django ikaona anuani mbili tofauti na kukataa kila fomu. Kwenye kompyuta yangu hakuna seva ya mbele, ndiyo maana jaribio langu halikuona kitu. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa mipangilio, `CSRF_TRUSTED_ORIGINS`, orodha ya anuani za kuaminiwa, wenye anuani yetu kamili ikianza na `https://`. Mabadiliko hayo yameandikwa wazi katika maelezo ya toleo 4.0, na ningeyasoma yote, badala ya kupekua orodha ya vilivyoondolewa tu, watu wasingesimama foleni dirishani hadi saa tano. Tangu siku hiyo huyachapisha maelezo ya kila toleo lililo katikati ya nilipo na ninapokwenda, nikayasoma na kalamu mkononi, na hupanda ngazi moja moja kwenye kompyuta yangu hata kama seva itaruka moja kwa moja.

Safari ya kwenda 5.2 ilinifundisha gharama ya aina nyingine. Toleo hilo linataka Python 3.10 au zaidi na hifadhidata ya PostgreSQL 14 au zaidi, ilhali seva yetu iliendeshwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, unaokuja na Python 3.8 na PostgreSQL 12. Kwa maneno mengine, kupandisha maktaba moja kulinilazimu kuhamisha nyumba nzima. Naona ni haki, kwa kuwa huwezi kudai watu wanaojitolea wabebe hifadhidata za zamani milele, lakini kamati ya chama huelewa kwa shida kwa nini inaombwa fedha ya seva wakati "hakuna kilichoharibika".

Tena ahadi ya Django inaihusu Django tu. Nilikuwa natumia maktaba ndogo ya mtu mwingine kutoa ripoti kwenye jedwali, na mwenyewe alikuwa ameacha kuigusa. Ndani yake mlikuwa na `force_text`, kitendakazi cha Django kilichoondolewa katika 4.0, na hakuna toleo jipya lililokuja. Nilinakili msimbo wake nikaurekebisha kwa muda, nikachoka kuubeba, mwishowe nikaufuta. Sasa ripoti hutolewa na mistari kama arobaini niliyoiandika mwenyewe, na mhazini hajalalamika ila kwamba safu ya tarehe imehamia kushoto.