Mtambo wa Sola wa Wati 400: Kazi Nzuri, Boksi Lenye Maneno Mengi

Mtambo huu wa sola wa nyumbani unafanya kazi, na ninaweza kumshauri mtu aununue, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi lake. Ndani mna paneli mbili za wati 200 kila moja, kidhibiti chaji cha aina ya MPPT (kinachotafuta kila wakati kiwango ambacho paneli hutoa nguvu nyingi zaidi), betri ya lithiamu ya aina ya LFP (yaani lithiamu, chuma na fosfeti) yenye volti 12.8 na ampia-saa 100, pamoja na inveta ya wati 1,000, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani. Nje pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtambo unaendesha nyumba nzima usiku na mchana, na chini ya maneno hayo zimechorwa friji, televisheni, feni na pasi. Pasi ya umeme peke yake hula wati 1,000 au zaidi, na ikiachwa imewaka mfululizo ingeimaliza betri hii iliyojaa kwa muda wa saa moja hivi. Aliyeiweka picha ile alijua hivyo, au alipaswa kujua.

Paneli zenyewe sina neno nazo. Vioo vimekaa sawasawa kwenye fremu, viunganishi vya nyuma havipitishi maji, na kibandiko kina takwimu zote anazozihitaji fundi. Mnunuzi afahamu tu kwamba wati 400 ni kipimo cha maabara, kinachochukuliwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli, yaani vipande vya paneli vinavyozalisha umeme, zikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya paa, jua kali huzipasha seli hizo hadi nyuzi 55 au 60, na paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi inayozidi 25. Ukiongeza vumbi na upotevu wa kwenye nyaya, wati 300 na kitu wakati wa jua la utosi ni matokeo mazuri kabisa. Kivuli nacho kijitabu cha maelekezo kimekipitia kwa sentensi moja, ilhali kilistahili ukurasa mzima: kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfululizo, seli moja iliyofunikwa huzibana nyingine zilizo katika mstari wake, na tawi jembamba tu laweza kuondoa theluthi moja ya nguvu ya paneli au zaidi.

Betri ndiyo sehemu bora ya mtambo huu. Betri za zamani za risasi hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, na anayezimaliza kila usiku huzizika mapema. Hii ya LFP inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80 au 90 kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, na ina saketi ya ndani inayoikata yenyewe kabla haijadhurika. Lakini kuna kasoro inayoudhi. Kipimo cha chaji kilichowekwa hapa ni taa tano ndogo zinazofuata volti, na volti za LFP hukaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya matumizi kisha hushuka kwa ghafla mwishoni. Matokeo yake ni kwamba taa nne zinaweza kuwa zinawaka vizuri, halafu nyumba nzima ikaingia gizani muda mfupi baadaye. Betri nzuri namna hii ilistahili kipimo kinachohesabu ampia zinazoingia na zinazotoka, kifaa ambacho si adimu sokoni.

Sasa inveta. Umeme wake ni wa mawimbi laini, kwa hiyo feni haingurumi na televisheni haina mikwaruzo. Jambo ambalo boksi limelinyamazia ni kwamba inveta ya ukubwa huu hula wati 10 hadi 15 hata pasipo kifaa chochote kilichochomekwa. Ikiachwa imewashwa kutwa kucha, hiyo ni wati-saa 240 hadi 360, katika betri ambayo jumla yake ni wati-saa 1,280 (volti 12.8 mara ampia-saa 100). Yaani robo ya betri au hata zaidi kidogo inaweza kutoweka bila taa hata moja kuwaka. Tukitoa akiba ya betri na upotevu wa kubadilisha umeme, kinachobaki kwa matumizi ya usiku ni takriban kilowati-saa 1: taa kadhaa za LED, televisheni kwa saa chache, feni ya usiku na chaji za simu. Friji ndogo inayobana matumizi inawezekana, mradi mengine yapunguzwe, na ikumbukwe kwamba mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi ya nguvu yake ya kawaida.

Ninaishikilia hesabu hii kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko boksi moja. Mwaka 2024, uchunguzi wa maoni wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Oxford, uliofanyika katika nchi 77, ulionyesha kwamba watu 80 kati ya kila 100 wanataka serikali zao zichukue hatua kali zaidi dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, na 72 wanataka nchi zao ziondoke haraka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi. Nia ya watu, basi, ipo. Kinachoivunja ni siku ambayo mtu amejinyima akanunua mtambo kisha ukamzimikia saa nne za usiku. Hatasema kwamba aliuziwa hesabu mbovu. Atasema sola haifai, na jirani aliyekuwa akimtazama kabla ya kuamua naye ataahirisha. Hilo linaniuma, kwa kuwa teknolojia yenyewe haina hatia: kwa makadirio ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2014, umeme wa paneli za paani huzalisha gramu 41 hivi za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa katika maisha yake yote, utengenezaji ukiwemo, wakati ule wa makaa ya mawe huzalisha gramu 820.

Dhamana nayo haina usawa: paneli zimepewa miaka 25, inveta mwaka mmoja tu, ilhali inveta ndiyo huharibika kwanza.

Kwa kaya yenye matumizi madogo, mtambo huu ni chaguo zuri, na mwenye nyumba ajizoeshe kuzima inveta wakati haina kazi. Anayekusudia kuupanua baadaye atazame kwanza kidhibiti chaji. Kilichomo ni cha ampia 30, ambazo kwa betri ya volti 12.8 ni wati 400 hivi, kwa hiyo paneli ya tatu haitaongeza chochote cha maana jua likiwa kali mpaka kidhibiti chenyewe kibadilishwe. Kununua betri ya pili pekee hakutasaidia msimu wa mawingu, kwa kuwa paneli mbili hazitakuwa na umeme wa kutosha kuijaza.