Tahadhari: stebilaiza zenye zege ndani, Tanga mjini

Wana Tanga, kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba akiuza stebilaiza za friji, yale maboksi ya kuweka umeme sawa ukipanda au kushuka. Mimi nimeshapigwa, shilingi 85,000. Wiki iliyopita alikuwa Makorora, jana nimesikia yuko Duga.

Huja saa moja usiku, na ujanja wake uko hapo. Saa hiyo kila nyumba imewasha taa, feni na pasi, na mtaa ulio mbali na transfoma kama wetu umeme hushuka kweli. Alichomeka kipimo chake ukutani, kikasoma 172. "Mama, friji inakufa hii." Hapo hakudanganya. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na kompresa ikipata umeme hafifu inanguruma tu bila kuzunguka, huku inavuta mkondo mkubwa mpaka waya za ndani zinaungua. Nami nauza barafu za ubuyu, friji ndiyo duka langu. Akachomeka boksi lake, kioo kikaandika 220. Nikatoa hela.

Siku ya nne, jioni, barafu hazijaganda na friji inanguruma. Nikamwita fundi wa mtaani. Akapima soketi ya ukutani: 174. Akapima soketi ya stebilaiza: 174. Kioo bado 220! Akalifungua boksi. Waya umeingia upande huu ukatokea upande wa pili moja kwa moja, kuna kisahani cha saketi cha kuwasha zile namba tu, na kilichofanya boksi liwe zito ni kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi. Tanga saruji tunatengeneza wenyewe, lakini kuinunua kwa bei ile, hapana.

Stebilaiza ya kweli ina transfoma ndani, na aina nyingi, umeme ukipanda au kushuka, utazisikia zikigonga "tak". Ila usiamini sikio wala kioo chake. Mwambie muuzaji apime mbele yako kwa mita ya fundi, unaoingia na unaotoka, saa ile ile umeme umeshuka. Kama namba ni moja, mrudishie boksi lake.

Mita ndogo ya kwako pia inafaa. Weka kwenye V yenye kiwimbi (~), 600 au 750, na waya mwekundu usikae kwenye tundu la 10A, utalipua mita na mkono wako. Pima mchana, saa mbili usiku, na alfajiri, uandike. Kwangu alfajiri ilisoma 233, mchana 221. Karatasi hiyo ndiyo niliyowapelekea watu wa umeme, na safari hii walinisikiliza.

Na kama taa zako zinawaka kwa ukali usio wa kawaida huku za jirani zimefifia, hilo si la stebilaiza. Huenda nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imekatika. Zima meni swichi, wapigie simu watu wa umeme.

Boksi lenyewe ni jeupe, kioo chenye namba nyekundu, halina jina la kampuni popote. Risiti hatoi, anasema kitabu kimeisha.